Kipima Mchapuko: Kidude Kidogo, Kishindo Kikubwa

Kurasa za masomo katika jarida letu huwa ni za ngeli, vitendawili na arudhi za shairi. Safari hii nimeomba nafasi niandike Fizikia, tena kwa Kiswahili. Wanachama wawili walinicheka. Ati Fizikia haina Kiswahili! Mlezi wa chama hakucheka, alisema tu, "Iandike, tuisome." Basi ndiyo hii, na pale nitakapokosea maneno, nisahihisheni.

Kisa chenyewe kilianzia juu ya mnazi. Mjomba wangu ni mkwezi hapa Msambweni. Huwaangulia watu nazi na madafu kwa ujira. Mwezi wa nne, masika yalipokuwa yameanza na mashina yamelowa, alikuwa akishuka mnazi mmoja ulio karibu na kisima chetu. (Wasiojua: zile tojo zilizochongwa kwenye shina ili mkwezi aweke mguu huitwa vidato. Kwa hiyo mjomba naye yuko vidatoni kama sisi, ila vyake vinateleza.) Alipobakiza kama mita sita, mguu ukamtoka. Nilisikia kishindo, kisha kimya, kisha nyanya akapiga ukemi.

Mungu ni mwema. Mjomba aliangukia fungu la makumbi tuliyokuwa tumeyafua siku mbili nyuma. Alivunjika mtulinga, akalazwa, akarudi nyumbani na mkono shingoni. Simu yake haikupata bahati hiyo. Iliruka kutoka mfuko wa shati ikapiga saruji ya kisima. Kioo kikapasuka kama utando wa buibui, nusu ya juu ikawa nyeusi tititi.

Jioni ile nilikuwa nikijaribu kuitumia kumpigia shangazi. Nikailaza ubavu bila kukusudia. Picha iliyokuwa kwenye ile nusu nzima ikageuka, ikalala vizuri kunifuata. Nikaisimamisha, picha ikasimama. Nikashangaa. Kioo kimekufa, kifuniko kimepasuka, lakini simu bado yajua juu ni wapi na chini ni wapi. Ndani yake mna kitu gani ambacho kimeanguka kutoka mnazini, kikapiga saruji, na hakikusahau kazi yake?

Mwalimu wetu wa Fizikia alinijibu kwa neno moja, kisha akanichorea. Neno lile nimelitafsiri kipima mchapuko.

Mchapuko ni mabadiliko ya mwendo kwa kila sekunde. Gari likiongeza mwendo, lina mchapuko wa mbele. Likipigwa breki, mchapuko ni wa nyuma. Kitu kikiachwa kianguke, ardhi hukipa mchapuko wa mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde, na kiasi hicho wataalamu hukiita g moja. Ukisikia "g 50" ni mara hamsini ya huo.

Na kipima mchapuko kila mmoja wetu ameshakiona, ila hakukijua jina. Panda matatu ya Likoni kwenda Ukunda, kaa mbele, tazama tasbihi au ufunguo unaoning'inia kwenye kioo cha dereva. Gari likiondoka kwa fujo, ufunguo unabaki nyuma. Breki ikikanyagwa, unakwenda mbele. Gari likikata kona ya kushoto, unakwenda kulia. Ufunguo hautaki kubadili mwendo wake, na hiyo ndiyo Sheria ya Kwanza ya Newton tuliyokaririshwa. Ukipima umesogea kiasi gani kutoka mahali pake, umepima mchapuko wa gari. Basi. Karibu kila kipima mchapuko, hata cha bei ya gari zima, kina mambo matatu tu: tungamo (yaani kitu chenye kiasi fulani cha maada), springi ya kulishikilia, na njia ya kujua limesogea umbali gani.

Nilipokuwa nikisoma habari hizi niligundua kwamba mojawapo ya vipima mchapuko vya ajabu kabisa kilirushwa kutoka pwani yetu hii hii ya Kenya. Si huku kwetu kusini, ni kule Ngomeni karibu na Malindi. Mnamo tarehe 26 Aprili 1967, Waitalia walirusha setilaiti iitwayo San Marco 2 kwa roketi ya Kimarekani aina ya Scout, kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini. Aliyeongoza mradi huo ni mhandisi Luigi Broglio, na kituo chenyewe leo kinaitwa kwa jina lake. Kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa pale. Moja yao, ya tarehe 12 Desemba 1970, iliitwa Uhuru kwa sababu ilipaa siku ya Jamhuri.

Tuirudie San Marco 2. Broglio alitaka kujua hewa ya juu kabisa ina uzito gani, kule ambako tungesema hakuna hewa kamwe. Alifanyaje? Setilaiti yake ilikuwa mwili ndani ya mwili mwingine: ganda la nje jepesi, na ndani yake kiwiliwili kizito, vikiunganishwa na mikono inayonepa. Hewa chache iliyoko huko hulisukuma ganda tu, maana kiwiliwili cha ndani kimefichwa. Ganda likabaki nyuma kidogo, mikono ikanepa, vyombo vikapima imenepa kiasi gani. Si ndio ufunguo wetu wa matatu ule? Tofauti ni kwamba hapa gari ndilo lililofungwa springi badala ya ufunguo.

Sasa fikiria taabu yake. Chombo hicho kilitakiwa kihisi msukumo wa hewa nyembamba mno. Lakini kabla hakijafika huko juu, kilikalishwa kwenye ncha ya roketi ya hatua nne, kila hatua ikiwaka kwa mshindo na kuitikisa mashine yote. Kiwe chepesi wa kuhisi kama shavu la mtoto, na kigumu kama nyundo. Hayo mawili yanagombana, na ugomvi huo ndio somo langu la leo.

Kwanza tujue kishindo ni kikubwa kiasi gani. Hapa nataka mtoe kalamu, ni hesabu fupi. Kitu kinachoanguka kimo h kinafika chini na mwendo ambao mraba wake ni 2gh. Kisha kinasimama katika umbali d, na ili kisimame, mraba wa mwendo huo huo lazima ulingane na 2ad, ambapo a ni mchapuko wa kusimamisha. Linganisha pande mbili: a gawanya kwa g ni sawa na h gawanya kwa d. Yaani ukitaka kujua kishindo ni g ngapi, gawanya kimo cha kuanguka kwa umbali wa kusimama. Nilipoipata hii sikulala. Ni rahisi mno kuwa kweli, lakini ni kweli.

Mjomba alianguka mita 6. Fungu la makumbi lilibonyea kama nusu mita. Sita gawanya kwa nusu ni 12. Alipigwa g 12, na mtulinga ukavunjika kwa sababu bega lilitangulia. Lau angaliangukia saruji ya kisima, hatua tatu tu kando, saruji haibonyei. Kingebonyea yeye mwenyewe, sema sentimita 3. Sita gawanya kwa 0.03 ni 200. Niliiandika namba hiyo kwenye daftari nikaifunga.

Simu nayo ilipiga saruji. Plastiki na kioo vilibonyea labda milimita moja. Sita gawanya kwa 0.001 ni 6,000. Elfu sita! Mwalimu alinikumbusha kwamba hiyo ni wastani, na kilele cha kishindo chaweza kufika maradufu. Wala huhitaji mnazi. Simu ikikutoka mkononi kimo cha mita moja ikasimama katika nusu milimita, ni g 2,000. Ndiyo maana waundaji wa vipima mchapuko vya simu huandika kwenye karatasi za maelezo kwamba chombo chaweza kustahimili g 10,000, ingawa kazi yake ya kila siku ni kupima g moja au mbili. Ni kama kumwandikia karani wa duka barua ya kazi, kisha kumwambia, "Lakini uwe tayari kupigwa na lori."

Chombo hicho hutengenezwaje? Kwa silikoni, maada ile ile ya chipu za kompyuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Marekani iitwayo Analog Devices ilitoa kimoja kiitwacho ADXL50, cha kuamsha mifuko ya hewa ya magari. Kilipima mpaka g 50. Wanachonga tungamo dogo lenye umbo la kitana, meno yakitokeza huku na huku, na unene wake ni maikromita 2. Unywele wa kichwa chako una upana wa kama maikromita 70, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Kitana kinashikiliwa na vijiti vyembamba vya silikoni hiyo hiyo, navyo ndivyo springi. Kila jino liko katikati ya meno mengine yasiyosogea, na kila jozi ni kapasita, zile tulizofundishwa muhula huu. Kitana kikisogea, pengo la upande mmoja linapungua, la pili linaongezeka, na umeme unasema ni kiasi gani.

Sasa ule ugomvi. Kila tungamo lenye springi lina masafa yake ya kucheza, kama bembea. Springi laini, masafa ya chini. Springi kakamavu, masafa ya juu. Na umbali linaosogea kwa mchapuko fulani hutegemea masafa hayo tu: gawanya mchapuko kwa mraba wa (2π mara masafa). Chukua chombo laini, chenye kucheza mara 100 kwa sekunde. Kwa g moja kinasogea maikromita 25, jambo rahisi kupima. Kwa g 10,000 kingetaka kusogea robo mita. Robo mita, ndani ya simu! Kingevunjika kabla hujasema lahaula.

Chukua sasa kikakamavu kama ADXL50, chenye kucheza mara 24,000 kwa sekunde. Kwa g 10,000 kingesogea maikromita 4 tu, vijiti havifi. Lakini kwa g moja kinasogea chini ya nusu nanomita, umbali wa kama atomu mbili za silikoni zilizokaa bega kwa bega. Atomu mbili! Na umeme unatakiwa uone. Mhandisi basi huchagua: ukitaka kuhisi kinyonge, utavunjika upesi, ukitaka kustahimili, utakuwa kiziwi. Wanaopima milipuko na risasi hutumia vyombo vikakamavu kupita kiasi, vipo vinavyopima mpaka g 200,000, lakini kimoja cha hivyo ukikitia kwenye simu hakitajua hata kama umelala au umesimama.

Mie sikuridhika na kuandika tu, nikaunda changu. Nilichukua bleidi kuukuu ya msumeno wa chuma, nikaifunga kwa skurubu kwenye kipande cha mbao, na ncha ya pili nikafunga nati. Bleidi ni springi, nati ni tungamo. Nikainua kibao hadi kimo cha deski, nikakiachia kwenye sakafu ya saruji.

Cha kwanza kilikuwa na bleidi ndefu. Nilikipeleka kwanza kwenye tuktuk, nati ikacheza vizuri kwenye kila shimo, nikafurahi. Nilipokiangusha, bleidi ilikatika papo hapo na nati ikamkosa paka. Cha pili nikakata bleidi fupi kama kidole gumba. Nilikiangusha mara ishirini, hakikudhurika. Lakini kwenye tuktuk niliikodolea macho nati yote njia nzima, na sikuona ikitikisika. Dereva aliniuliza kama nimepoteza kitu. Hapo ndipo nilipoielewa hesabu ile kwa moyo.

Cha tatu nilirudia bleidi ndefu, lakini nikapigilia misumari miwili, mmoja kila upande wa nati, nikiacha pengo la kama milimita tano. Nati huru kucheza, lakini ikizidi, inagonga msumari na kusimama. Nilikiangusha, hakikukatika. Nilidhani nimeshinda. Mara ya saba bleidi ikakatika pale pale ilipokuwa ikigonga msumari. Ah! Kumbe kuzuia nako ni kishindo. Nati ilikuwa ikianguka ndani ya chombo, kama mjomba, na msumari ndio saruji yake. Umbali wa kusimama ulikuwa mdogo mno. Nikavika misumari vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli. Kibao hicho mpaka leo kiko maabarani, kizima.

Nilipomwonyesha mwalimu alitabasamu, akaniambia wahandisi wa silikoni wamepita njia hiyo hiyo. Nao huweka vizuizi pembeni mwa kitana, navyo hunepa kidogo badala ya kuwa ukuta mtupu. Tena huacha gesi ndani ya chumba cha chombo. Kitana kinaposogea lazima kikamue gesi ile itoke katikati ya meno, na gesi iliyobanwa hukataa kutoka kwa haraka, kwa hiyo hupunguza mwendo kabla ya kugonga. Bila gesi, kitana kikishapigwa mara moja kitaendelea kulia kama kengele, na kishindo cha pili kikija sambamba na mlio huo, kitafanya kama anayesukuma bembea kwa wakati wake. Ndiyo maana kishindo kifupi na kikali cha saruji kwaweza kuvunja kitu ambacho kishindo kirefu cha mchanga hakikivunji, hata kama g ni sawa.

Lipo na tatizo la kunata. Umepata kubandika vipande viwili vya kioo vilivyolowa? Havibanduki. Meno ya silikoni yakigusana hufanya vivyo hivyo, na springi zake nyembamba hazina nguvu ya kuyabandua. Chombo hakijavunjika, lakini kimekufa. Dawa yake ni kuchonga vinundu vidogo, ili yakigusana yagusane kwa nukta tu, si kwa uso mzima.

Lakini hoja iliyonipendeza kuliko zote ni ya udogo wenyewe. Nilidhani kitu kidogo ni dhaifu. Sivyo. Kipunguze kitu mara kumi kwa urefu, upana na kimo. Tungamo lake linapungua mara elfu, kwa sababu linafuata ujazo. Lakini unene wa kijiti kinacholishika, yaani eneo la mkato wake, unapungua mara mia tu. Kwa hiyo kwa kishindo kile kile, kila sehemu ya kijiti inabeba mzigo uliopungua mara kumi. Ndiyo sababu fenesi likianguka hupasuka, na chungu akianguka kutoka kilele cha mnazi huondoka akitembea. (Mwalimu amenisahihisha hapa: chungu husaidiwa pia na hewa, haanguki kwa kasi. Kweli, lakini hata ungemgongesha kwa kasi ya fenesi, bado angekuwa na nafuu.) Silikoni nayo ina faida yake. Ni kavu, haipindi ikabaki imepinda kama waya. Ama inarudi mahali pake sawasawa, ama inavunjika. Na kijiti kidogo hakina nafasi ya kuficha nyufa nyingi ambazo ndizo chanzo cha kuvunjika.

Ule mfuko wa hewa wa gari nao una fumbo lake. Chombo chake lazima kiseme ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde kama hili ni ajali au ni shimo tu. Anayepita matuta ya Ukunda kwa kasi anajua gari linavyorushwa. Kishindo cha shimo chaweza kuwa kikali lakini kinapita upesi. Cha ajali kinadumu, na mwendo wa gari unapungua kweli. Kwa hiyo kompyuta haitazami g peke yake, hujumlisha mchapuko kwa muda ili ijue mwendo umepungua kiasi gani. Laiti kipima mchapuko kingekuwa cha kuvunjika, kingevunjika wakati ule ule kinapohitajika.

Nilimpelekea mjomba zile hesabu zangu, za makumbi na za saruji. Kusoma hakusoma sana, lakini 12 na 200 anazijua. Alizitazama muda mrefu.

"Kwa hiyo, mjomba," akaniambia, "wataka kusema ni yale makumbi."

"Ni nusu mita ile, mjomba," nikamjibu.

Mtulinga ukapona, na mwezi wa nane alirudi kazini, maana watoto wake wanne wanakula. Lakini siku hizi kabla hajapanda, hututuma mie na binamu zangu tusogeze makumbi hadi chini ya shina. Wenye minazi hulalamika kwamba anawapotezea wakati. Simu hajaibadilisha. Bado ina kioo cha buibui, na ukiilaza, picha inalala.